Chaneli za Kebo Bila Waya wa Kebo

Februari 2015, Dish Network, kampuni ya Marekani iliyozoea kuuza televisheni ya dishi, ilianza kuuza kitu kilichoweza kulinyang'anya dishi lake wateja. Huduma hiyo, Sling TV, ilitoa ESPN, CNN, TNT na chaneli nyingine kadhaa kwa dola 20 kwa mwezi. Haikuhitaji fundi wa kupanda paani wala mkataba wa miaka miwili. Mteja akiwa na intaneti na kisanduku kama Roku kilichochomekwa kwenye televisheni, basi. Filamu kupitia intaneti hazikuwa jambo geni wakati huo. Kigeni kilikuwa ESPN, mechi ikiwa mubashara, bila kupitia kampuni ya kebo.

Waya wa kebo hubeba chaneli rundo kwa mpigo, usiku na mchana, uwe umewasha televisheni au umelala. King'amuzi huchagua tu moja kati ya zinazopita. Kwenye intaneti hakuna chaneli inayopita. Hakiji kitu mpaka kisanduku kiombe, na kinaomba kidogokidogo.

Kubwa lililowezesha hayo ni utaratibu uitwao HLS, uliotolewa na Apple mwaka 2009, na huduma nyingi za aina hii huutumia huo au binamu yake, DASH. Picha ya chaneli hukatwa vipande vya sekunde chache. Apple ilianza kwa kupendekeza sekunde 10, baadaye ikashuka hadi 6. Kila kipande huandaliwa katika viwango kadhaa vya ubora, kuanzia chepesi cha simu yenye mtandao hafifu hadi kizito cha televisheni kubwa. Ukibonyeza CNN, kisanduku huvuta kwanza faili fupi la maandishi lenye orodha ya vipande vipya kabisa, kisha huviagiza kimoja baada ya kingine, huku kikipima muda wa kila kimoja kufika. Kipande cha sekunde 6 kikitumia sekunde 5 njiani, hali si nzuri, na kinachofuata kitaagizwa chepesi. Ndiyo maana picha huingia ukungu kwa muda bila kuganda. Mtazamaji hulalamikia ukungu huo, lakini mimi naona ndio ufundi wenyewe.

Uzuri mwingine ni kwamba vipande hivyo husafiri kama kurasa za kawaida za tovuti. Watu elfu wa mtaa mmoja wakitazama mechi ileile, seva ya karibu nao huhifadhi nakala na kuwagawia, bila kusumbua makao makuu kila mara. AT&T, kampuni ya simu ya Marekani, iliwahi kupitisha televisheni kwenye mtandao wake yenyewe kwa huduma ya U-verse, lakini pale njia nzima ilikuwa mali yake. Sling haikuwa na waya hata mmoja uliofika nyumbani kwa mteja.

Gharama yake ni kuchelewa. Katika HLS ya kawaida, kipande hakiwezi kutumwa kabla hakijakamilika kurekodiwa, na kanuni za HLS zinashauri kisanduku kianze nyuma kwa urefu wa vipande vitatu hivi ili kiwe na akiba. Vitatu vya sekunde 6 ni sekunde 18, kabla hujahesabu safari. Jirani mwenye kebo anashangilia bao, kwako mpira bado uko katikati ya uwanja.

Hata hivyo, kigumu zaidi kilikuwa ruhusa ya wenye chaneli. Kampuni ya Aereo ya New York ilijaribu kuikwepa kwa kumkodishia kila mteja antena yake ndogo mno, ili idai kwamba ni yeye anayenasa chaneli za hewani. Juni 2014, Mahakama ya Juu ya Marekani iliikataa hoja hiyo kwa kura 6 dhidi ya 3. Sling ilipita mlango wa mbele: ililipa wenye chaneli, nao wakakubali vipande vifungwe kwa ufunguo ambao seva humpa mteja aliyelipia tu. Visanduku vinavyouzwa mitaani kwa ahadi ya chaneli zote za dunia bila malipo ya mwezi huruka hatua hiyo, na ndiyo maana chaneli zake hupotea ghafla.

Kwa kuwa wenye chaneli hutoza kwa kila mteja, bei imepanda vilevile kama ya kebo. YouTube TV, huduma nyingine ya aina hiyo, ilianza Aprili 2017 kwa dola 35. Januari 2025 ilifika dola 82.99. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo mkataba wake na Disney uliisha bila makubaliano mapya, ESPN na ABC, chaneli za Disney, zikatoweka kwa wateja wa YouTube TV kwa takriban wiki mbili. Mtandao ulikuwa mzima na visanduku vilikuwa vikifanya kazi. Chaneli zilirudi Novemba 14, pande mbili zilipokubaliana bei.