Mazimbu na Siri ya Kujenga Madarasa kwa Haraka

Chuo kikuu kikidahili wanafunzi wengi kuliko viti, mwaka wa masomo hausubiri mkandarasi. Ndiyo maana ujenzi wa moduli, yaani sehemu za jengo kutengenezwa karakanani na kuja kuunganishwa kiwanjani, unazidi kuvutia wasimamizi wa vyuo. Kabla Morogoro haijaagiza vyumba vya chuma kutoka nje, ni vyema itazame Mazimbu, ilipo Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA).

Baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto mwaka 1976, vijana wengi wa Afrika Kusini walikimbilia uhamishoni. Mwaka 1977 Tanzania ilikipa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, lililokuwa shamba la mkonge hapo Mazimbu. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kufika, shule haikuwapo. Masomo yalianza katika nyumba za zamani za shamba zilizokarabatiwa, huku ujenzi ukiendelea kando chini ya mhandisi Oswald Dennis. Kiongozi wa ANC, Oliver Tambo, alipoizindua rasmi mwaka 1985, shule ilikuwa na madarasa, mabweni, hospitali na kiwanda cha samani. Mwaka 1992 ANC iliyakabidhi yote kwa Tanzania, na leo wanafunzi wa SUA wanasomea humo.

Majengo ya Mazimbu hayakutoka kiwandani yakiwa yamekamilika. Lakini kanuni inayoupa ujenzi wa moduli kasi yake ilikuwapo: kazi zilikwenda sambamba. Darasa likifundishwa katika jengo la zamani, jingine lilikuwa likijengwa, na samani zikitengenezwa hapohapo.

Ujenzi wetu wa kawaida hupanga kazi kwenye foleni. Msingi ukisha ndipo kuta zipande, kuta zikisha ndipo mapaa yaezekwe. Zege nalo huhesabiwa siku 28 kufikia nguvu iliyokusudiwa. Katika moduli, msingi unapokomaa kiwanjani, fremu, kuta, madirisha na nyaya za umeme vinaandaliwa chini ya paa la karakana, mvua inyeshe isinyeshe. Hilo si jambo dogo katika mji ulio chini ya Milima ya Uluguru, ambako masika huweza kusimamisha kazi za nje.

Hata hivyo, chumba kizima kinachobebwa kwa lori kina ukomo wake. Kasha la ukubwa wa kontena lina urefu wa mita 12 na upana wa mita 2.4, sawa na takriban mita za mraba 29. Tukikadiria mita 1.2 za mraba kwa kila mwanafunzi, darasa la watu 60 linahitaji mita za mraba 72. Basi ni makasha matatu yaliyoondolewa kuta za kati, pamoja na kreni, barabara imara na maungio yasiyovuja. Tena sanduku la chuma lisilo na kizuia joto, dari ya juu wala baraza pana litawaka kwa jua la Morogoro, na mvua ikipiga bati mhadhiri hasikiki.

Kwa hiyo naona njia inayotufaa zaidi ni ya paneli na fremu: vipande bapa vinavyojaa vingi kwenye lori moja, vinavyobebwa na mafundi na kuweza kukarabatiwa na mafundi haohao. Kwa njia ya vipande sanifu, kaunti ya Hertfordshire nchini Uingereza ilijenga shule zipatazo 100 katika miaka kumi hivi baada ya Vita Kuu ya Pili. Nasi tuliona nguvu ya ramani moja mwaka 2021, fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 zilipojenga madarasa 15,000 kwa wakati mmoja nchi nzima, kwa tofali na mafundi wa kawaida.

Karakana haiwezi kufidia uamuzi uliochelewa. Moduli haipendi mabadiliko ya katikati: dirisha likihamishwa kwenye ramani baada ya fremu kukatwa, muda wote uliookolewa unapotea. Udongo upimwe, vyoo, maji na umeme vipangwe, na zabuni ikamilike kabla kipande cha kwanza hakijakatwa.

SUA, Mzumbe na vyuo vingine vya Morogoro vikubaliane ramani moja ya darasa, na kazi ya fremu na paneli ipewe karakana za hapa, zikiwamo za chuo cha ufundi cha VETA Kihonda. Fedha itabaki mkoani, vijana watapata ufundi, na darasa la kumi litajengwa haraka kuliko la kwanza. Tukiagiza makasha tu, tutapata vyumba. Tukijenga karakana, tutapata uwezo wa kujenga kila mwaka wanafunzi wanapoongezeka.