Mizani ya Sikio: Mwongozo wa Kupima Muziki Uliochanganywa Nyumbani

Katika Kisumu ya leo, kuanzia Milimani hadi Nyalenda na Manyatta, na kandokando ya ziwa mpaka Dunga, chumba kimoja chenye kompyuta, kadi ya sauti, kipaza sauti na jozi ya spika ndogo kinatosha kuitwa studio. Na maadamu vyombo hivi vimekuwa vyepesi kupatikana kuliko zamani, kazi ya kuchanganya sauti, ambayo hapo kale ilikuwa elimu ya mafundi wachache, aghalabu wa Nairobi, sasa imo mikononi mwa vijana wengi waliojifundisha wenyewe. Hilo ni jambo la kheri. Lakini wingi wa kazi umezaa haja ya mizani, kwa kuwa msikilizaji, msanii anayelipia wimbo wake, na fundi mwenyewe, wote wanahitaji kujua ni kwa dalili zipi mchanganyiko bora hupambanuliwa na ule ulio dhaifu. Dalili hizo nitazitaja moja baada ya nyingine, na msingi wake wote ni mmoja: muziki hupimwa kwanza ukiwa umepunguzwa sauti, kwa sababu sauti kubwa husitiri taksiri za fundi.

Sababu ya kanuni hii ni ya kimaumbile. Sikio la binadamu halizipokei sauti zote kwa usawa: muziki ukiwa wa chini, sikio hupungukiwa zaidi na besi na zile sauti nyembamba za juu kabisa, ilhali sauti za katikati, ambamo maneno ya mtu hukaa, hubaki dhahiri, na muziki ukiongezwa, pengo hilo hupungua, na kila kitu huonekana kimejaa na kutimia. Harvey Fletcher na Wilden Munson, wataalamu wa maabara ya Bell huko Marekani, walilithibitisha jambo hili kwa vipimo walivyovitangaza mwaka 1933. Kwa hiyo anayetaka kuhukumu kazi kwa insafu na aishushe sauti mpaka aweze kuzungumza na aliyeketi kando yake pasipo kupaza. Ikiwa katika hali hiyo maneno yangali yanafahamika, besi ingali inafuatika, na ngoma zingali mahali pake, basi mchanganyiko huo umesimama kwa miguu yake. Ikiwa unapendeza tu pale spika zinapotetemesha dirisha, uzuri wake ni wa kuazima.

Dalili ya kwanza ni sauti ya mwimbaji. Muziki wa Waluo, uwe benga, ohangla au nyatiti, ni muziki wa maneno: ndani yake mna majina ya sifa, mawaidha, maombolezo na lawama, na msikilizaji wa Kondele au Bondo humsamehe mwimbaji upungufu mwingi, ila huo wa kutofahamika anayoyasema. Sauti sharti itangulie mbele ya vyombo bighairi ya kuvifunika. Sikiliza miisho ya mistari kuliko mianzo yake, maana waimbaji wengi huanza kwa nguvu na kumalizia kwa pumzi iliyochoka, na fundi mvivu huliacha neno la mwisho lizame. Fundi hodari huliinua neno hilo kwa mkono, silabi kwa silabi, kabla ya kukimbilia kompresa ya kuibana sauti. Sikiliza pia matamshi ya s na ch: yakichoma sikio, ila hiyo aghalabu imo kati ya mitetemo 5,000 na 8,000 kwa sekunde, na sauti ikiwa nzito na ya kuvimba, kosa mara nyingi limo kati ya 200 na 400, ambamo gitaa, besi na kifua cha mwimbaji hugombania nafasi moja. Hatimaye sikiliza kile kimya kilichopo kabla ya neno la kwanza. Kisumu ni mji wa joto na wa mabati. Mwenye kurekodi alasiri hana budi kuchagua kati ya feni na jasho, na mvua ikianza kupiga juu ya paa, kazi imekwisha. Mngurumo wa feni, honi ya bodaboda au matone ya mvua yakisikika katika kimya hicho, hakuna programu itakayoyaondoa pasipo kuigusa sauti yenyewe. Kazi iliyofanywa asubuhi na mapema, feni ikiwa imezimwa, hujitambulisha papo hapo.

Dalili ya pili, nayo ndiyo kiini cha muziki wa eneo hili, ni mazungumzo ya magitaa. Benga ilikomaa katika miaka ya 1960 na 1970 mikononi mwa watu kama George Ramogi na Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, aliyezaliwa Shirati, ng'ambo ya mpaka, Tanganyika, mwaka 1940, na kufariki kwa ajali ya barabarani huko Kisumu mwaka 2006. Katika mtindo huu gitaa la solo humfuata mwimbaji na kumjibu, gitaa la ridhimu hujaza katikati, na besi, badala ya kusindikiza tu kutoka chini, hutembea na kutia neno lake. Kisha mwimbaji hunyamaza, na vyombo hushika hatamu mpaka kilele. Mchanganyiko bora wa benga ni ule ambao magitaa haya husikika kama wazee barazani, kila mmoja akitoa hoja yake na kumwachia mwenzake nafasi ya kujibu. Jaribio lake ni hili: fuata besi peke yake kwa akili, kutoka mwanzo wa kilele hadi mwisho wake, ukiipoteza njiani, kuna chombo kilichokaa juu yake.

Hapa santuri za zamani zina funzo kubwa. Nyingi katika santuri zile za mizunguko 45 kwa dakika, ambazo wimbo wake uligawanywa upande wa kwanza na wa pili, zilirekodiwa bendi nzima ikipiga kwa pamoja, na uwiano ulipatikana kwa umbali wa kila mtu na kipaza sauti, na kwa mkono wa mpigaji mwenyewe, aliyejua wakati wa kukaza na wakati wa kulegeza. Kwa mipaka hiyo yote, magitaa yale yanatenganika wazi, kwa sababu kila moja lilipigwa katika eneo lake la nyuzi. Hivyo basi, ukikuta solo na ridhimu vimegandana katika kazi ya nyumbani, usiulize kwanza fundi alikata mitetemo ipi. Uliza kama wapigaji wawili hawakukaa mahali pamoja shingoni mwa gitaa. Kumwomba mmoja wao apande juu, arudie sehemu yake, ni dawa bora kuliko saa nzima ya kuhangaika na vitufe.

Dalili ya tatu ni ukweli wa vyombo vya asili, na hapo nyatiti ni mtihani usio na huruma. Chombo hiki kina nyuzi nane, ambazo siku hizi aghalabu ni nailoni ya kuvulia samaki, zilizotandazwa juu ya ngozi ya ng'ombe. Mpigaji huketi chini, huku pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu, iitwayo oduong'o, ikigonga fremu ya mti, na njuga za gara zikilia mguuni. Yaani mtu mmoja ni mpiga nyuzi, mpiga ngoma na mwimbaji kwa wakati mmoja, na anayerekodi kwa kipaza sauti kimoja kilichosogezwa mdomoni hupata mwimbaji akapoteza theluthi mbili za muziki. Wengi huweka kipaza sauti cha pili mbele ya ngozi. Ni shauri jema, ila lina sharti lake: ikiwa cha kwanza kiko sentimita 30 kutoka mdomoni, cha pili na kiwe angalau sentimita 90 kutoka cha kwanza, la sivyo sauti moja itafika kwenye vyote viwili kwa nyakati zinazopishana kidogo mno, na mawimbi yatafutana. Dalili ya kufutana huko husikika upesi: unganisha vipaza sauti vyote viwili katika spika moja, na iwapo nyuzi nene zinakonda ghafla, geuza mwelekeo wa wimbi la kimoja, kisha usikilize tena. Katika kazi safi utausikia ukucha ukiuachilia uzi, ngozi ikijibu, na chuma kikigonga mti, vitu vitatu mbalimbali. Anayetaka mfano wa kulinganishia na asikilize albamu ya Ayub Ogada, *En Mana Kuoyo*, iliyotolewa mwaka 1993 na Real World. Huyu bwana, aliyefariki nyumbani kwake Nyahera, Kisumu, mwaka 2019, aliacha kumbukumbu inayoonyesha jinsi nyatiti na sauti ya mtu vinavyoweza kuijaza nafasi yote bila kupigiwa kelele.

Dalili ya nne ni besi, na besi hutufungulia siri ya chumba kilimofanyiwa kazi. Chukua chumba cha kawaida ambacho kuta zake mbili zinakabiliana kwa mita 3. Katika hewa ya joto ya Kisumu sauti husafiri takriban mita 346 kwa sekunde, kwa hiyo chumba hicho hukuza mitetemo ya karibu 58 kwa sekunde, nao uzi wa A wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa 55. Fundi aliyeegemea ukuta atausikia uzi huo umezidi, ataukata, na wimbo utatoka umekonda; aliyeketi katikati kabisa ya chumba hatausikia ipasavyo, atauongeza, na matatu itanguruma mpaka abiria walalamike. Sikiliza basi kama noti za besi zina nguvu sawa zinapopanda na kushuka. Noti moja ikivimba au kutoweka kila ipigwapo, aliyekosea si mpigaji, ni chumba. Tiba yake si trei za mayai, ambazo zimebandikwa katika kuta nyingi za studio zetu na ambazo haziigusi besi hata kidogo. Tiba ni kuketi kiasi cha theluthi moja ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele, kuziweka spika mbili na kichwa chako katika pembetatu ya pande sawa, na kusimamisha magodoro manene pembeni, ambako besi hujikusanya zaidi.

Dalili ya tano ni mwangwi na nafasi. Mwangwi ni kiungo cha kumpa mwimbaji mahali pa kusimama, na ukizidi humrudisha nyuma ya pazia. Kipimo chake ni kuuondoa kabisa kwa muda: ikiwa sauti inakauka na kuwa uchi, kiasi kilitosha, ikiwa maneno yanasikika bora zaidi kuliko awali, ulikuwa mwingi. Kadhalika, vyombo vilivyopelekwa kushoto na kulia sharti vibaki hai vinaposikilizwa kwa spika moja, kwa kuwa simu nyingi na redio nyingi za sokoni Kibuye zina spika moja tu, na gitaa linalotoweka humo halikuwekwa vizuri hapo awali.

Dalili ya sita ni pumzi. Wapo wanaoubana wimbo mpaka hakuna tofauti kati ya ubeti na kilele, wakidhani kwamba unaopiga kelele zaidi ndio utakaoshinda. Dhana hiyo imepitwa na wakati: YouTube na Spotify huushusha wenyewe wimbo uliozidi, Spotify hadi kiwango cha kawaida cha LUFS 14 chini ya sifuri (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika), na aliyeubana kupita kiasi hubaki na muziki uliochoka usio na faida ya ukubwa. Mwenye kurekodi na aache nafasi tangu mwanzo, vilele vyake vikiwa desibeli 6 hadi 12 chini ya sifuri. Katika benga, magitaa yanapochukua zamu na mwili wako usitikisike kwa hiari yake, mara nyingi ni kwa sababu kilele hakikupewa mahali pa kupanda.

Baada ya haya, wimbo na utoke nje. Usikilize kwenye simu jikoni, kwenye redio ya bodaboda barabarani, na ndani ya matatu yenye besi nzito, kisha uulinganishe, kwa ukubwa sawa wa sauti, na wimbo unaouheshimu ambao umepigwa Ramogi FM. Usifanye hivyo usiku uleule ulipoumaliza. Sikio lililochoka hupenda sauti kali na hukosa nadhari. Na kosa linalojirudia katika vyombo vitatu tofauti ni kosa la wimbo, si la chombo.

Hata hivyo lazima tutenge kosa na hiari. Fundi akichagua kuitanguliza ngoma ya ohangla mbele ya kinanda, hiyo ni ladha, nasi tunaweza kuipenda au kuiacha. Lakini neno lisilosikika, besi iliyovimba kwa noti moja, na nyatiti iliyopoteza mguu wake ni upungufu, hata kama mwenyewe anaupenda. Msanii anayelipa na aombe kusikiliza kwa sauti ndogo mbele ya fundi kabla ya kuipokea kazi, aulize aliyeketi naye ameyasikia maneno gani, na aondoke na faili ya biti 24 isiyobanwa. Fundi atakayezoea kuhukumiwa namna hiyo ataanza kujihukumu mwenyewe mapema, tangu anapochagua saa ya kurekodi, mahali pa kiti na umbali wa kipaza sauti, na hapo ndipo sehemu kubwa ya ubora huamuliwa.