Nyongeza za Kuhama Nazo na za Kuacha: Namna ya Kupima Kazi ya Kuhamisha Mfumo

Ukiitwa kukagua kazi ya kuhamisha mfumo wa biashara, usianze na vilivyohamia. Omba kwanza orodha ya vilivyoachwa. Fundi asiyekuwa nayo hakuchagua kitu; alikomba kila kilichokuwa kwenye mfumo wa zamani akakimwaga kwenye mpya, uchafu na dhahabu pamoja. Fundi aliyekaa na kazi yake atakuletea orodha ndefu, na kando ya kila nyongeza iliyoachwa ameandika sababu: mfumo mpya unalifanya jambo hili wenyewe, sheria yake imefutwa, aliyeliomba alishahama, au haijulikani lilikuwa la nini na mwaka mzima hakuna aliyeliita.

Nyongeza ninazozisema ni ule msimbo ambao biashara huongeza juu ya programu iliyonunuliwa. Ukipita Kwa Mrombo, hapa Arusha, kuanzia maduka ya vifaa vya ujenzi hadi stoo za vinywaji, utakuta hadithi inayofanana. Mwenye duka alianza na programu ya uhasibu ya Tally. Akampata kijana wa kumwongezea ripoti ya madeni ya mafundi, kisha bei ya jumla tofauti na ya rejareja, kisha stoo ya pili. Leo ana matawi matatu na anataka Odoo, au mfumo mwingine ambao ataufungua kwenye simu akiwa Moshi. Data ya wateja na bidhaa huhama bila maneno mengi. Kinachokwamisha kazi ni zile nyongeza za miaka kumi.

Wakubwa nao wamo kwenye shughuli hiyohiyo. Serikali yetu iliachana na Epicor ikajenga MUSE, Mfumo wa Ulipaji Serikalini. Zabuni za umma zilitoka TANePS zikaingia NeST mwaka 2023. Kampuni kubwa duniani zinazotumia SAP ya kizazi cha ECC zimeambiwa kwamba huduma ya kawaida inakoma mwishoni mwa 2027, na huko kuna mashirika yenye maelfu ya programu za kujiandikia, ambazo kwa desturi majina yake huanza na herufi Z au Y. Ukubwa unatofautiana, lakini jicho la kupimia ni lilelile.

Alama ya kwanza ya kazi nzuri ni kwamba kiini cha mfumo hakikuguswa. Odoo, kwa mfano, inamruhusu fundi kuweka nyongeza yake kwenye moduli ya pembeni, inayorithi cha mwenye mfumo na kukibadilisha bila kuhariri faili lake. Fundi mvivu hufungua faili la kiini, akabadilisha mistari miwili na kuondoka. Siku hiyo kila kitu kitafanya kazi. Lakini Odoo hutoa toleo jipya kila mwaka, na toleo hilo linapowekwa, mistari ile miwili inafutika kimya kimya. Kupima ni rahisi: pakua toleo lilelile kutoka kwa wenyewe, linganisha folda mbili, ya kwao na ya mteja. Kiini kikitofautiana hata kwa mstari mmoja, rudisha kazi.

Hata nyongeza iliyokaa pembeni inaweza kuvunjika. Odoo ilipofika toleo la 13 mwaka 2019, ankara ziliondolewa kwenye jedwali lake zikaunganishwa na maingizo ya leja, kutoka account.invoice kwenda account.move. Nyongeza zilizokuwa zikienda mahali pa zamani kutafuta ankara zilikwama. SAP nayo, kwenye S/4HANA, ilirefusha namba ya bidhaa kutoka herufi 18 hadi 40, na programu iliyotenga nafasi ya 18 tu inaweza kukata namba ya bidhaa katikati. Kwa hiyo muulize fundi: nyongeza hii inagusa kiini mahali pangapi? Zikiwa sehemu mbili tatu zinazojulikana, mwache aendelee. Akishindwa kuzitaja, hazijui.

Katika kuchagua kipi kiachwe, takwimu za matumizi ni shahidi mzuri, lakini mpe muda. SAP ina chombo cha kurekodi ni programu zipi zinaitwa kweli, na kwenye mifumo midogo fundi anaweza kujiandikia rejista yake. Kosa ni kurekodi mwezi mmoja na kukata shauri. Hapa Arusha ukirekodi Aprili, mvua zikiwa nyingi na wageni wachache, utaamini kwamba nusu ya nyongeza za kampuni ya utalii zimekufa. Subiri Julai. Na ripoti ya kufunga mwaka huitwa mara moja tu, tena na mhasibu aliyebanwa na tarehe. Ukiifuta kwa sababu haikuonekana Machi, utaitafuta Januari.

Sasa nije kwenye kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakidanganyiki. Mwambie fundi akuchapishie tena, ndani ya mfumo mpya, mishahara ya Juni 2023.

Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile ambayo sote tunaiita SDL, ilikuwa asilimia 4 hadi mwisho wa mwezi huo. Kuanzia Julai 2023 ikawa 3.5. Chukua kampuni yenye jumla ya mishahara ya shilingi 20,000,000 kwa mwezi: Juni inadaiwa 800,000, Julai 700,000. Fundi dhaifu ameandika 3.5 ndani ya msimbo wenyewe, pengine sehemu nne tofauti, na ukimwomba Juni anakuletea 700,000. Mkaguzi akija na makabrasha yake, vitabu vya zamani na mfumo mpya vitasema mambo mawili tofauti. Fundi wa kati ameandika sharti: kama tarehe ni kabla ya 1 Julai 2023 tumia 4, vinginevyo 3.5. Juni itatoka sawa, lakini bajeti ikibadilisha tena kiwango lazima aitwe, na alipwe. Fundi hodari hana namba yoyote ndani ya msimbo. Ana jedwali lenye kiwango, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na mhasibu mwenyewe anaongeza mstari mpya kila Bunge linapopitisha Sheria ya Fedha. Ukikuta jedwali hilo, na ukikuta VAT, NSSF na WCF zimekaa humohumo, umeshamjua mtu unayeshughulika naye.

Ukiwa bado kwenye hesabu, angalia namna mfumo unavyozungusha senti. Bidhaa ya shilingi 1,000 yenye VAT ya asilimia 18 ndani yake ina kodi ya 152.54. Ukizungusha kila mstari unapata 153, na kwa bidhaa 40 ni 6,120. Ukijumlisha kwanza ndipo uzungushe, unapata 6,102. Shilingi 18 kwenye ankara moja hazimuumizi mtu, lakini zikizidishwa kwa ankara za mwezi, mhasibu atakesha akitafuta mwizi asiyekuwepo. Mfumo wa zamani ulifanya namna moja na mpya unaweza kufanya nyingine. Fundi mzuri atakuwa ameuliza kabla hujamwambia.

Nyongeza inayotuma risiti TRA ipimwe kwa vitendo. Chomoa intaneti, piga mauzo matano, rudisha. Hesabu risiti zilizofika: ziwe tano, si nne, si sita. Mtaani kwetu mtandao hukatika saa ambazo keshia ana foleni, kwa hiyo hili si jaribio la kubuni.

Kuna nyongeza pia ambazo sheria imezigeuza mzigo. Kampuni nyingi za utalii zilijiandikia msimbo wa kutoza kwa dola na kubadilisha kwa kiwango cha siku. Kanuni za mwaka 2025 zilikataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Kuuhamisha msimbo wa aina hiyo kama ulivyo, bila kukaa na mhasibu na kuupitia upya, ni uzembe, hata ukiwa umeandikwa kwa ustadi wa kupendeza.

Kuhusu makabidhiano nitasema kwa ufupi: dai msimbo unaosomeka. Nyongeza za Tally mara nyingi hukabidhiwa kama faili lililofungwa la TCP, na aliyeliandika akihama Arusha umebaki na sanduku lisilo na ufunguo. Dai na majaribio yanayojiendesha, hata kumi tu, mradi yanagusa fedha.

Usishawishiwe na skrini nzuri, wala na ahadi kwamba kila kitu kimehamishwa kwa asilimia mia. Kwa macho yangu ahadi hiyo ni dosari. Kwa Mrombo mlaji anayejua nyama huichagua ikiwa mbichi, ikining'inia buchani, kabla moshi na chumvi havijaficha umri wa mbuzi. Na nyongeza zikaguliwe hivyo, moja moja, kabla mfumo haujawashwa na watu wakauzoea.

Mama mwenye duka, mzee mwenye stoo, na wewe mhasibu wanayekutegemea: msisaini hati ya kupokea kazi, wala msilipe awamu ya mwisho, mpaka mmewekewa mezani orodha ya vilivyoachwa na karatasi ya mishahara ya Juni 2023.