Barua Isiyotumwa: Msomaji wa Konza na Uasi wa David Maillu

Mhakiki akutanapo na mwandishi aliyekataliwa na wakubwa wa fasihi lakini akapendwa na umma, mara nyingi hutoa jibu la haraka: umma umedanganywa. Husemwa kwamba vitabu vyake vilikuwa vya bei nafuu, kwamba vilijaa ulevi na ngono, na kwamba msomaji asiye na elimu kubwa hupenda kitu chepesi. Jibu hili lilitolewa sana nchini Kenya katika miaka ya 1970 juu ya David Maillu, mzaliwa wa Kilungu katika wilaya ya zamani ya Machakos. Halikuwa jibu la uongo mtupu. Bei ilikuwa nafuu kweli, na ulevi na ngono vilikuwamo tele. Ila jibu hilo linaacha bila kuelezwa jambo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni namna ya mapenzi yenyewe. Kitu chepesi huchekesha kisha hutupwa. Msomaji wa Maillu hakumchukua kama mchekeshaji. Alimchukua kama mtu wake, kana kwamba mwandishi huyo amewahi kuketi naye na kuzijua siri zake. Mapenzi ya aina hiyo hayanunuliwi kwa bei nafuu wala kwa matusi. Watukanaji wako wengi, na wengi wao hawana anayewakumbuka.

Hadhira hiyo yaeleweka vizuri zaidi ikitazamwa kutoka Konza kuliko ikitazamwa kutoka ukumbi wa chuo kikuu. Konza ni stesheni ya reli katika mbuga za Kapiti, yapata kilomita 60 kutoka Nairobi. Reli ya kutoka Mombasa ilipita hapo kabla ya kufika Nairobi mwaka 1899, na baadaye hapo ndipo lilipochipuka tawi la kwenda Magadi. Mji wa Machakos, uliokuwa makao ya utawala kabla Nairobi haijawa mji, uliachwa kando. Mtu wa vilimani aliyetaka gari moshi ilimbidi ateremke hadi uwandani. Leo jina la Konza huwakumbusha wengi mji wa teknolojia ambao Rais Mwai Kibaki aliuzindua Januari 2013, lakini kwa vizazi kadhaa Konza ilikuwa kwanza mahali pa kuagana. Mume alikwenda Nairobi kuwa karani, dereva, askari au mpishi. Mke alibaki na shamba, watoto na wakwe. Kati yao kilisafiri kitu kimoja, nacho ni barua.

Barua ile ilikuwa na kanuni zake, kama utenzi ulivyo na kanuni zake. Ilianza kwa salamu ndefu, ikauliza habari za wazee, ng'ombe na mvua, ikataja fedha zilizotumwa au sababu ya kutotumwa kwake, ikafunga kwa kuwasalimu jamaa mmoja mmoja kwa majina. Pengine ilisomwa kwa sauti na mtoto wa shule mbele ya mama mkwe. Kwa hiyo ilikuwa barua isiyoweza kusema kitu. Mshahara ulioishia kilabuni usiku wa mwisho wa mwezi, mwanamke wa pili wa mjini, upweke wa mke kijijini na yale aliyoyafanya kwa sababu ya upweke huo, yote yalibaki nje ya karatasi. Kila mmoja aliyajua, na kila mmoja aliyanyamazia. Si haki kuubeza ukimya huo. Nyumba nyingi zilisimama juu yake.

Sasa na yatazamwe majina ya vitabu. *My Dear Bottle* kilitoka mwaka 1973. *Dear Monika* na *Dear Daughter* vilitoka mwaka 1976. Majina yote matatu yanaanza kwa salamu ya barua. Katika la kwanza anayesalimiwa ni chupa ya pombe, na hapo pana kejeli kali, kwa maana mlevi amepeleka kwa chupa yale maneno ya upendo ambayo kanuni za barua zilimtaka ayapeleke nyumbani. Wahakiki waliohesabu matusi katika kitabu hicho hawakuona kwamba kimeundwa kwa umbo ambalo kila karani wa Ukambani alilijua kwa mkono wake mwenyewe. Yasemwa, na ni kweli, kwamba Maillu aliazima mtindo wa shairi refu la mtu mmoja asemaye kutoka kwa Okot p'Bitek, aliyetoa *Song of Lawino* mwaka 1966. Ila Lawino hulalamika mbele ya ukoo, hadharani. Mlevi wa Maillu huzungumza kama aandikaye usiku, mlango umefungwa. Tofauti hiyo ndiyo siri ya mvuto wake. Msomaji haketi katika baraza kusikiliza shauri la wengine. Anajiona amefungua bahasha, na ndani amekuta barua ambayo yeye mwenyewe hakuthubutu kuiandika.

Maisha ya mwandishi yaliongeza nguvu ya jambo hili. Maillu hakupita chuo kikuu. Alijiendeleza kwa masomo ya posta, akafanya kazi ya uchoraji katika Sauti ya Kenya, na mwaka 1972 akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Comb Books. Hapakuwa na mhariri wa London wala wa Nairobi wa kumwambia ni lipi lifaalo kuchapishwa. Uasi wake wa kwanza, kabla ya uasi wa maneno, ulikuwa huu wa kukataa kuomba ruhusa, na msomaji aliyeishi kwa kuomba ruhusa ofisini, kwa mwenye nyumba na kwa chifu, aliuona bila kufunzwa na mtu.

Lakini yapasa kutenganisha aina mbili za kusema wazi, kwa sababu mara nyingi huchanganywa. Ukambani ulikwisha kumjua mtu wa kusema wazi mbele ya dola. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba hadi Nairobi kupinga kupunguzwa kwa ng'ombe wao kwa nguvu, nao wakakaa huko majuma kadhaa wakidai kusikilizwa. Yeye akahamishiwa Lamu. Vivyo hivyo Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliuliza mwaka 1968, katika *Kenya: Twendapi?*, swali ambalo serikali haikutaka kuulizwa, akafungwa miaka mitatu, na tungo alizozitunga kifungoni zikatoka mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*. Mapenzi ya wasomaji kwa Abdilatif yana uzito wa deni. Mtu amelipa kwa mwili wake ili neno lisemwe, na asomaye hujiona shahidi anayedaiwa uaminifu. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Ngũgĩ wa Thiong'o baada ya kutiwa kizuizini mwisho wa mwaka 1977.

Maillu hakufungwa. Msomaji wake hamdai wala hadaiwi naye. Ujasiri wake ni wa aina nyingine, na pengine ni mgumu zaidi kuusamehe: hakuanza kwa kuwashtaki wakubwa, alianza kwa kumshtaki mtu wa kawaida, tena kwa kinywa cha mtu huyo mwenyewe. Jonathan Kinama, mtumishi wa serikali katika *Unfit for Human Consumption* (1973), si dhalimu. Ni mtu wa mshahara mdogo anayeutapanya mshahara huo kwa pombe na wanawake, akiwa na mke na watoto nyumbani, mpaka mwisho wake unakuwa wa kuhuzunisha. Hakuna mkoloni wa kulaumiwa ndani ya hadithi, wala waziri. Katika fasihi ya miaka ile, iliyojua vizuri sana kuwataja maadui wa nje, lilikuwa jambo zito kumwambia msomaji kwamba adui amo katika mfuko wake wa suruali. Wakamba walikuwa na nyimbo za kusuta, na aliyesutwa ngomani alijua kwamba ni yeye. Maillu alichukua kazi ya msutaji, akaondoa hadhara. Kila msomaji alisutwa peke yake, kimya kimya, ndani ya basi, na hakuna jirani aliyejua.

Hapa ndipo jibu la wahakiki linapoanguka. Mtu hampendi anayemsuta kwa sababu ya matusi yake. Humpenda akiwa na hakika kwamba msutaji naye yumo katika kosa. Sauti ya Maillu haisemi kutoka juu ya mimbari, hata pale inapohubiri, na huhubiri sana, pengine kupita kiasi. Huu ni upande wa kazi yake uliosahauliwa na wanaomwita mwandishi wa uchafu. Walevi wake huangamia, wazinzi wake huaibika, na akina baba wake hutoa mawaidha ya kurasa nyingi hata msomaji mwenye subira akatamani kuruka. Mwasi huyu ana moyo wa mzee wa ukoo. Serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku vitabu vyake mwaka 1976 ilikitazama kile kilichosemwa, wala haikutazama kilisemwa kwa nia gani. Yawezekana kabisa kwamba marufuku hiyo iliwapa wasomaji wake hisia ambayo vitabu vyenyewe havikuwa nayo, ya kuwa wanachama wa chama cha siri.

Swali la wanawake ni gumu zaidi, na kusifu peke yake hakutoshi. *After 4:30* (1974) kina jina linalotaja saa kumi na nusu za jioni, wakati wa kufungwa kwa ofisi, na ndani yake wanawake wa mjini husema kwa ukali juu ya mabosi na waume wanaowatumia. Mpiga taipu aliyekisoma alikuta jambo la kila siku ambalo hapakuwa na mahali pa kulishtaki. Hilo ni pato la kweli. Hata hivyo wanawake hao husema kwa sauti iliyotungwa na mwanamume, na mara kwa mara kamera ya mwandishi hukaa juu ya miili yao kwa muda mrefu kuliko hoja inavyohitaji. Mwaka 1988 Maillu alitoa *Our Kind of Polygamy*, akiitetea ndoa ya wake wengi kama mila ya Kiafrika. Msomaji mwanamke aliyekuwa ameshikwa mkono na kitabu cha kwanza angeweza kujiona ameachwa na cha pili. Ila mwandishi aliyechukuliwa kama jamaa haachwi kwa kosa moja. Hugombezwa, kama anavyogombezwa mjomba aliyelewa harusini, na mwaka unaofuata hualikwa tena.

Kinachoweza kuuvunja uhusiano huo ni kupotea kwa barua. Comb Books ilipokwisha, Maillu aliandikia mashirika makubwa. *For Mbatha and Rabeka* na *The Equatorial Assignment* vilitoka mwaka 1980 katika mfululizo wa Pacesetters wa Macmillan. Vitabu hivyo vilisomwa na vijana wengi katika nchi nyingi za Afrika, na cha pili, chenye jasusi wake wa kupambana na maadui wa bara zima, kina mbio nzuri. Lakini jasusi haandikii mtu. Msomaji alipata starehe, akampoteza mwandishi aliyekuwa akimjua. *Broken Drum* (1991), riwaya ya kurasa zaidi ya elfu moja juu ya vizazi vya Wakamba, ilikuwa jaribio la kurudi nyumbani kwa njia nyingine, kwa kuandika historia ya ukoo mahali pa siri ya mtu mmoja. Ni kazi ya kuheshimiwa. Kuheshimiwa na kupendwa ni mambo mawili.

Linabaki suala la lugha, ambalo kwa taaluma ya lugha za Kiafrika haliwezi kupitwa. Barua za Konza ziliandikwa kwa Kikamba au kwa Kiswahili. Maillu, aliyeijua hadhira yake kuliko wahakiki wake wote, aliiandika ile barua isiyotumwa kwa Kiingereza, ingawa mwaka 1972 alikwisha kutoa *Ki Kyambonie*, kitabu cha methali za Kikamba. Wapinzani wa Kiingereza huona hapo utumwa wa mawazo. Yapo maelezo mengine. Kwa Kikamba maneno yale yangetamkwa mbele ya mama mkwe. Kwa Kiingereza cha ofisini, lugha ya faili na risiti, msemaji alivaa kinyago na uso wake ukawa huru. Lugha ya kigeni ilikuwa pazia, na nyuma ya pazia mtu huvua nguo. Kama ndivyo, basi mapenzi ya wasomaji kwa Maillu yana gharama iliyofichika. Walipata rafiki wa kuwaambia kweli, lakini katika lugha ambayo mke aliyebaki kijijini pengine hakuisoma. Kweli ilisemwa kati ya mume na kitabu. Barua ya nyumbani ikaendelea kuuliza habari za mvua.

Huenda Maillu mwenyewe alilihisi jambo hilo. Mwaka 1989 alitoa *Without Kiinua Mgongo*, kitabu kilichochanganya Kiingereza na Kiswahili waziwazi, tangu jina lake. Katika jina hilo neno la Kiingereza ndilo la kukosa. La Kiswahili ndilo la kile ambacho karani alitumaini kuwa nacho mfukoni siku ya kushuka Konza kwa mara ya mwisho, akirudi kukaa.