Mcharazaji Aliyejificha Ndani ya Wimbo: Tathmini ya Gita la John McGeoch

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina ukweli mwingi sokoni, lakini katika historia ya muziki hushindwa mara kwa mara. Ipo kazi njema iliyokaa ikapigwa na vumbi, na ipo nyingine, yenye wapiga debe wengi, iliyopata bei isiyoistahili. John McGeoch, mcharazaji gita wa Uskoti aliyefariki tarehe 4 Machi 2004 akiwa na umri wa miaka 48, ni miongoni mwa wasanii ambao chema chao kilichelewa kujiuza. Wapiga gita wenzake walimjua vyema. Wasikilizaji wa kawaida, hata wale wanaozikumbuka nyimbo alizozipiga, aghalabu hawalijui jina lake. Kitabu kizima cha maisha yake, kilichoandikwa na Rory Sullivan-Burke, kilitoka mwaka 2022, miaka 18 baada ya kuzikwa kwake.

Yamkini wapo watakaosema kwamba kosa ni la bahati: McGeoch alihamahama kutoka bendi moja hadi nyingine, na katika kila bendi alisimama pembeni ya mwimbaji mwenye haiba kubwa kuliko yake. Howard Devoto, Siouxsie Sioux na John Lydon si watu wa kusimama nao jukwaani kisha mtu akaonekana. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Sifa iliyomnyima McGeoch umaarufu ndiyo hiyo hiyo inayostahili kusifiwa: aliupigia wimbo, hakujipigia mwenyewe.

Uzito wa jambo hili hauonekani pasipo kukumbuka zama zenyewe. Muziki wa panki ulipolipuka Uingereza mwaka 1976 na 1977, mojawapo ya mambo uliyoyaasi ni majivuno ya gita. Katika roki ya miaka ya mwanzo ya 1970 mpiga gita alikuwa bwana mkubwa: wimbo ulisimama, yeye akapiga solo ndefu, hadhira ikashangilia wepesi wa vidole vyake. Vijana wa panki walilivua gita mapambo hayo, likabaki na mipigo michache, kasi na ghadhabu. Lakini ghadhabu haina akiba kubwa. Baada ya mwaka mmoja au miwili likabaki swali: ikiwa gita halitajigamba tena, na kelele tupu nazo zimekwisha kuzoeleka, kazi yake ni ipi?

Majibu ya muziki wa baada ya panki yalitofautiana. Keith Levene wa Public Image Ltd alilipa gita sauti ya bati na vioo, akazunguka palepale, na noti iliyoonekana kukosewa akaiacha ikae. Andy Gill wa Gang of Four alikata mipigo yake mifupi mifupi kama mtu apasuaye kuni, akaufanya ukimya kuwa sehemu ya ala. Hawa wawili wamepata wahakiki wa kuwasemea. Jibu la McGeoch lilikuwa la kimya zaidi. Yeye alikuwa na uwezo wa kupiga karibu kila kitu ambacho panki ilikikataa, na akachagua kukitumia kwa kipimo. Ni kama malenga azijuaye bahari zote, ambaye kwa shairi la leo anaona tathlitha inatosha.

Alizaliwa Greenock mwaka 1955, na katika miaka ya 1970 akaenda kusomea sanaa Manchester. Huko aliishi na Malcolm Garrett, msanifu aliyekuja kujulikana kwa majalada ya santuri, na kwa njia yake akakutana na Howard Devoto, ambaye mwaka 1977 alikuwa ndio kwanza ameiacha bendi ya Buzzcocks. Bendi mpya waliyoiunda iliitwa Magazine. Wimbo wao wa kwanza kutolewa, Shot by Both Sides, ulitoka Januari 1978, na mara nyingi hutajwa kuwa ndio ushahidi wa kwanza wa kipaji cha McGeoch. Haki itendeke hapa: kifungu kikuu cha gita katika wimbo huo, kile kinachopanda ngazi kwa fujo, chanzo chake ni Pete Shelley wa Buzzcocks. Alichokifanya McGeoch ni kukipiga kwa ukali na usafi kwa pamoja, sifa mbili zisizokaa kwa urahisi katika mkono mmoja.

Mchango wake unajitokeza wazi zaidi katika The Light Pours Out of Me, wimbo uliomo katika albamu ya kwanza, Real Life, ya mwaka 1978. Ngoma zinakwenda kwa mwendo mzito usiobadilika, besi ya Barry Adamson inashikilia chini, na gita linarudia kifungu kifupi, tena na tena, bila haraka. Mpiga gita mwenye tamaa angekipamba kifungu hicho katika kila beti. McGeoch anakiacha kilivyo, na kwa sababu hakipambwi, kinazidi kutisha kadiri wimbo unavyoendelea. Kufikia albamu ya tatu, The Correct Use of Soap ya mwaka 1980, iliyosimamiwa na Martin Hannett, gita lake limepungua mwili zaidi. Linaingia, linasema neno, linatoka, likimwachia nafasi Dave Formula na vinanda vyake. Mara nyingine McGeoch aliliweka gita kando kabisa akashika saksafoni, kwa kuwa wimbo ulihitaji pumzi na si nyuzi.

Mwaka huo huo alihamia Siouxsie and the Banshees, na hapo ndipo kazi yake bora ilipofanyika. Bendi hiyo ilikuwa imekimbiwa na mpiga gita wake katikati ya ziara mwaka 1979. McGeoch aliingia kama mgeni katika albamu ya Kaleidoscope, kisha akabaki. Wimbo wa Happy House, uliotoka Machi 1980, unaonyesha jinsi alivyoyasoma maneno kabla ya kuzigusa nyuzi. Maneno yake ni kejeli: nyumba yenye furaha ambayo furaha yake ni ya kulazimishwa. Basi gita linapiga noti za juu, nyepesi, zinazong'aa kama kichezeo cha mtoto, lakini zina mtikisiko unaomfanya msikilizaji asitulie. Wahakiki wa fasihi wamezoea kusema kwamba fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja. Katika wimbo huu kauli hiyo si ya darasani tu. Kejeli inasikika hata kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Mtikisiko huo ulitokana kwa sehemu na kifaa kidogo kiitwacho flanja. Kazi yake ni kuichukua sauti ya gita, kuitolea nakala, na kuichelewesha nakala hiyo kwa muda mdogo mno unaobadilikabadilika. Sauti mbili zinapokutana hutoa wimbi linalozunguka, kana kwamba muziki unapita ndani ya bomba. Wengi hukiweka kifaa cha namna hiyo sakafuni wakakikanyaga kwa mguu. McGeoch alikifunga flanja chake kwenye nguzo ya kipaza sauti ili aweze kuvigeuza vitufe kwa mkono wimbo ukiendelea. Kwake lile wimbi halikuwa rangi ya kupaka mwishoni. Lilikuwa sehemu ya upigaji, lenye kupanda na kushuka pamoja na hisia za wimbo.

Kilele ni albamu ya Juju ya mwaka 1981. Spellbound, wimbo unaoifungua, huanza na noti zinazodonolewa moja moja kwa kasi, zikisokotana kama ukili. Kisha linaingia gita kavu, likicharazwa kwa nguvu juu ya ngoma za Budgie, na wimbo mzima unakimbia kama farasi asiye na hatamu. Hakuna solo, na hakuna mahali ambapo wimbo unasimama ili gita litazamwe. Hata hivyo, ukiliondoa gita hilo, wimbo haupo. Kinyume chake ni Night Shift, katika albamu hiyo hiyo, ambamo McGeoch anakwenda polepole na kuziacha noti zining'inie gizani. Mkono ni mmoja, lakini kila wimbo umepewa sauti yake. Hiyo ndiyo sababu mtindo wake haushikiki kwa urahisi, na soko hupenda kinachoshikika.

Tathmini ya haki haiwezi kuruka yaliyofuata. Baada ya albamu ya A Kiss in the Dreamhouse, mwaka 1982, uchovu na ulevi vilimlemea. Onyesho la Madrid lilikwenda vibaya, akaondolewa, na Robert Smith wa The Cure akaishika nafasi yake. Alipiga katika bendi ya The Armoury Show, kisha mwaka 1986 akajiunga na Public Image Ltd. Katika ziara ya mwaka huo, jijini Vienna, alipigwa usoni kwa chupa iliyorushwa kutoka kwa hadhira, akashonwa nyuzi nyingi. Alidumu katika bendi hiyo hadi ilipovunjika mwaka 1992. Zipo nyimbo za kupendeza katika kipindi hicho, Disappointed ya mwaka 1989 ikiwa mojawapo, lakini uzalishaji wa miaka ile ulizisugua sauti hadi zikateleza, na gita lililokuwa na kingo likapoteza makali. Kuzisifu albamu hizo sawasawa na Juju ni kumkosea heshima.

Athari yake, hata hivyo, haikungoja ruhusa ya wahakiki. Johnny Marr, aliyelipa kundi la The Smiths sauti yake, amemsifu waziwazi, na upigaji wake wa noti zinazosokotana badala ya mipigo mizito una nasaba na Spellbound. John Frusciante wa Red Hot Chili Peppers alimtaja McGeoch miongoni mwa waliomwongoza wakati wa kutengeneza albamu ya By the Way ya mwaka 2002. Radiohead wamewahi kuupiga Shot by Both Sides jukwaani. Wapo watakaojibu kwamba kusifiwa na wakubwa si ushahidi wa ukubwa, na hilo ni kweli. Lakini hapa kinachoshuhudia si sifa walizozitoa, bali walichokichukua. Kila mmoja alijifunza kutoka kwake namna ya kuwa muhimu katika wimbo pasipo kuusimamisha, na mamilioni ya watu wamelisikia somo hilo bila kujua lilikotoka.

Katika miaka ya 1990 McGeoch aliliacha jukwaa akajifunza kazi ya uuguzi. Alifariki usingizini, na magazeti yaliyomkumbuka yalilazimika kuwaeleza wasomaji wake alikuwa nani. Maelezo hayo hayahitajiki kwa anayesikiliza. Mwenye kutaka kumtendea haki na aanze na Spellbound, dakika tatu na ushee tu. Mara ya kwanza ausikilize wimbo. Mara ya pili aziache sauti nyingine zote, alifuate gita peke yake kutoka noti ya kwanza hadi ya mwisho, na aangalie ni mara ngapi lingeweza kujionyesha, likapita.