Mita Isiyoanza na Sifuri

Fundi aliishika nailoni ile nyembamba kwa kucha za vidole viwili, akainyanyua mpaka usawa wa macho yangu. "Tazama hapa, mwalimu." Mita ya pikipiki yangu ilikuwa imelazwa mezani bila kifuniko, waya zake mbili zimebanwa kwenye betri kuukuu, na kioo chake kilikuwa kitupu. Akaizungusha nailoni juu ya kioo taratibu, kama mama anayemgeuza mtoto aliyelala. Tarakimu zikaibuka: 61,482. Nyeusi ti, kingo zake kali. Akaizungusha zaidi, kioo kizima kikaingia giza na tarakimu zilezile zikang'aa nyeupe ndani yake. "Vijana wanapenda hii," akasema. "Nikuwekee ipi?" Sikumjibu upesi. Nilikuwa sijaziona kilomita zangu kwa mwaka mzima, kumbe zilikuwepo siku zote.

Kibanda chake kipo Nyasho, hapa Musoma, kwenye upenu wa duka la nafaka. Hakina bango. Watu huelekezana kwa mdomo: nenda kwa yule mzee wa saa. Alianza na saa kweli, kisha redio zikamfuata, kisha simu, na sasa ni hizi mita za pikipiki. Mikono ni ileile. Juu ya meza ana bisibisi za saa, mswaki uliokatwa mpini, chupa ya spiriti, pamba, na kifutio cha shule kilicholika upande mmoja. Chini ya meza ndiko kwenye hazina yake: kalkuleta zilizokufa, redio zilizobaki mifupa, na runinga bapa ambayo mtoto wa mtu aliipasua kwa mpira. Kioo cha runinga ile hakifai tena kwa lolote, lakini nailoni yake ni nzima, na ndiyo aliyoikata kwa wembe akanipimia mimi.

Kioo cha mita kama hii hakina mwanga wake. Ni vioo viwili vilivyobana umajimaji kiduchu, na juu na chini yake kuna nailoni inayochuja mwanga. Umeme ukigusa, umajimaji ule hujigeuza, mwanga unazuiwa pale tu panapotakiwa, nasi tunasoma namba. Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea kutoka Austria, aliona kitu kinachoyeyuka mara mbili, kwanza kikawa majimaji yenye ukungu, kisha yakawa maangavu; akashangaa. Ikapita miaka zaidi ya 80 ndipo Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, huko Uswisi mwaka 1970, wakapata njia hii ya kuyafanya majimaji ya aina hiyo yatii umeme na kuonyesha tarakimu. Saa za mkono zikayapokea, kalkuleta zikayapokea, na mwishowe pikipiki ikaja nayo mpaka mkoani kwetu Mara.

Lakini jua la Mara haliisamehe nailoni. Musoma iko kama nyuzi moja na nusu tu kusini mwa ikweta, na Ziwa Victoria lenyewe limekaa mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari; jua letu linashuka wima na halipungui makali njiani. Pikipiki yangu ilikuwa ikiegeshwa miaka tisa mbele ya ofisi ya walimu, mahali palipokuwa na mwarobaini kabla haujakatwa. Nailoni ikawa ya manjano, ikawa rangi ya chai ya maziwa, ikawa rangi ya chai kavu. Mwaka wa nane nilikuwa nikiinama juu ya usukani na kukinga kioo kwa kiganja ili nisome mafuta. Mwaka wa tisa sikuwa na cha kusoma.

Kabla ya kufifia kabisa mita ilianza kunidanganya, na hili watu wengi hawalijui. Tarakimu ya mita imejengwa kwa vipande saba, na nane ndiyo pekee inayoviwasha vyote. Kipande cha juu kulia kikikatika, nane inasomeka sita. Nimeendesha barabara ya kwenda Makutano nikiamini naenda kwa 60, kumbe pikipiki inakata 80, mpaka siku moja mwenzangu aliyekuwa nyuma yangu na pikipiki yake aliponisimamisha na kuniuliza leo nakimbizwa na nani. Chanzo kilikuwa kijimpira chembamba kama kamba ya kiatu, chenye mistari myembamba mno ya kupitishia umeme, kinachokaa kati ya kioo na bati la saketi. Vumbi likiingia, unyevu wa ziwa ukifuata, mstari mmoja unakata mawasiliano na nane inapoteza mguu.

Nilimtazama fundi akikisafisha kijimpira hicho. Alikipuliza, akakipitishia pamba yenye spiriti mara moja tu, akakiweka juu ya karatasi safi kikauke. Kisha akachukua kile kifutio cha shule, akasugua njia za shaba kwenye bati, zote kwa uelekeo mmoja, toka ndani kwenda nje, hazikusuguliwa kwenda na kurudi hata mara moja. Nilimuuliza kwa nini. "Ukirudi nyuma unarudisha uchafu ulioutoa," akasema, wala hakuinua kichwa. Kazi hiyo peke yake ilimchukua karibu nusu saa. Mwanamke mmoja alikuja na redio, akasalimia, "Shikamoo babu," akaitikiwa, "Marahaba mwanangu," akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa akangoja. Hakuna aliyemharakisha.

Mikono ile ilinirudisha kwa baba yangu. Alikuwa karani wa chama cha msingi Bunda, kazi yake kupima pamba ya wakulima, na alikuwa mtu wa namba. Mizani ikitikisika kidogo alisubiri itulie, foleni iwe ndefu kiasi gani, kwa kuwa kilo moja ya mkulima ilikuwa kilo moja ya mkulima. Alikuwa na saa ya mkono ya kutia ufunguo. Ikianza kuchelewa, hata kwa dakika mbili tatu, alipanda gari kuja nayo Musoma kwa fundi saa mmoja wa Mwigobero, akaiacha, akarudi Bunda mkono mtupu. Siku hizo za kungoja alikuwa akiutazama mkono wake pale palipokuwa na saa, na sisi watoto tuliona alama nyeupe kwenye ngozi.

Alipofariki, saa ilikuja kwangu. Sikuifungua kwa miaka mingi. Nilipoifungua, ndani ya kifuniko cha nyuma nilikuta mikwaruzo midogo iliyochorwa kwa ncha ya sindano: tarehe. Zilikuwa saba. Ya kwanza ni ya 1969, ya mwisho ni ya 1988, na hati zilikuwa za mikono mitatu tofauti. Kila fundi aliyeifungua alimwachia anayefuata taarifa, mahali ambapo mwenye saa asingepaona. Baba aliivaa saa ile miaka yote hiyo, na sidhani kama alijua kuwa mafundi walikuwa wakizungumza mgongoni mwake.

Nimeisimulia saa hiyo kwa sababu ya kilichonikuta Bunda. Nilipopotelewa na kioo nilikwenda kwanza dukani kutafuta kioo tu. Kijana wa dukani alinisikiliza kwa adabu, akanishushia boksi lenye mita nzima, mpya, ya kutoka Uchina, imefungwa kwenye plastiki. "Kioo peke yake hakuna, mzee. Hii unafunga tu, dakika kumi." Nikamuuliza kilomita zangu zitakwenda wapi. Akatabasamu: "Hii inaanza sifuri. Na ukitaka kuuza, si ndiyo vizuri zaidi?"

Sikumlaumu, alikuwa akinihurumia. Lakini neno hilo nililibeba mpaka nyumbani. Pikipiki yangu imezika wazazi wawili, maana ndiyo iliyokwenda kuita ndugu usiku. Imempeleka mwanangu kufanya mtihani wa darasa la saba wakati wa mvua. Imebeba madaftari ya wanafunzi zaidi ya ninavyoweza kuyahesabu. Leo mtu anipe sifuri na aseme amenisaidia! Na yule atakayeinunua kwangu kesho, akadhani haijatembea, akampakia mama mjamzito kwa mnyororo uliochoka na breki alizozipuuza kwa sababu mita imemwambia ni mpya, huyo kakosa nini?

Siku hizi ukisimama kijiwe chochote cha bodaboda, Musoma au Bunda, hesabu mita zinazofanya kazi. Nyingi zimekufa. Mshale umelala kwenye sifuri, au kioo ni cheusi, au mahali pa mita pamebaki tundu lililozibwa kwa gundi na kibandiko cha timu ya mpira. Vijana hupima mafuta kwa kutikisa tangi na kutega sikio. Muda wa kubadilisha oili wanaukisia. Jioni wanapeleka hesabu kwa mwenye chombo, fedha imetimia mpaka shilingi ya mwisho, lakini chombo chenyewe hakuna anayekifanyia hesabu. Ni vijana wachapakazi, wengi wao wanalisha familia, na siwasemi kwa ubaya. Hakuna aliyewahi kuwaonyesha kwamba mita ni sehemu ya pikipiki kama gurudumu lilivyo.

Fundi wa Nyasho aliniambia kwamba hata mita ikiungua kabisa, kilomita mara nyingi haziungui nayo. Katika mita nyingi zinakaa ndani ya chipu moja ndogo ya miguu minane, ndogo kuliko punje ya mahindi. Yeye huing'oa chipu hiyo kwa joto, mguu kwa mguu, akaisolda kwenye bati la mita nyingine ya aina ileile, na pikipiki inaendelea kuhesabu pale ilipoishia. Wapo wanaomfuata wakitaka kinyume chake: wamletee mita nzima apunguze namba. Nilikuwepo alipokuja mmoja, amevaa vizuri, ametangulia kutaja fedha. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akamrudishia mita yake mkononi. "Hiyo kazi siijui," akamwambia. Anaijua. Ni kazi rahisi kuliko kuhamisha chipu.

Jumamosi iliyofuata baada ya kurudishiwa mita yangu nilikwenda Butiama. Sikuwa na safari, nilitaka tu kuisikia mita ikihesabu. Nilianzia Mwisenge, mbele ya shule, nikairudisha tripu, ile hesabu ya safari moja moja, kwenye sifuri, maana tripu ndiyo yenye ruhusa ya kuanza upya. Inasimuliwa kwamba mwaka 1934 Kambarage, Mwalimu Nyerere wa baadaye, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alitembea maili 26 kutoka kwao Butiama kuja kuanza masomo shuleni hapo. Ni kama kilomita 42. Barabara ya sasa ina njia yake na miguu ya mtoto ilikuwa na njia zake, lakini nilizitazama tarakimu zikipanda moja moja na kila moja niliipa nafasi ya kutembewa na miguu. Hapo nilifahamu kilomita moja ni ndefu kiasi gani. Kule Mwitongo alikozikwa Mwalimu, na kwenye makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka aliofariki, watu wanatoka mbali kuja kuona vitu alivyovitumia, na hakuna anayeuliza kama ni vipya.

Nilirudi jioni, nane ni nane na sita ni sita.

Sasa linaloniumiza. Mzee yule hana mwanafunzi. Alikuwa na kijana mmoja, mwepesi wa mkono, akakaa miezi miwili akaenda Nyamongo kutafuta dhahabu, nani atamlaumu? Pikipiki mpya zinakuja na mita zilizogandishwa kwa gundi kiwandani, hazina hata skrubu, na kuifungua moja ni kuivunja. Anazifungua hivyo hivyo kwa wembe uliopashwa moto, pembe kwa pembe, lakini anatikisa kichwa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, inafundisha umeme wa magari, ni jambo jema, na ningeomba walimu wake waje wakae nusu siku tu kwenye ile ndoo iliyofunikwa, wamwone anavyosugua shaba kwa uelekeo mmoja. Na macho yake yamepungua. Zamani alitumia lenzi moja; sasa anashikanisha mbili.

Siku alipomaliza ya kwangu, kabla ya kufunga kifuniko aliniomba kalamu. Akakigeuza kifuniko, akaandika kwa ndani tarehe ya siku ile, na chini yake 61,482. Hakuandika jina. "Atakayefungua baada yangu ajue," akasema, akaanza kukaza skrubu. Sikumwambia habari ya saa ya baba. Koo lilikuwa limenikaba.

Kama mita yako imefifia, usiitupe, wala usikimbilie ya sifuri. Mpelekee mzee wa saa, Nyasho. Nenda mapema, kwa sababu kazi ya vioo anaifanya kwa mwanga wa jua tu, na ikifika saa kumi jioni anafunga.