Kikombe cha Tui Kilichozamisha Krispi ya Dodo

Dakika ya saba ya video ile ndiyo yote. Maembe yamekwisha pangwa kwenye sinia, bakuli la unga limesogezwa mbele, na yeyote aliyewahi kufikicha unga anajua kinachofuata. Mpishi akanyanyua kikombe cha tui la kasimile, akalimimina lote. Krispi, yale matunda ya kuokwa chini ya chenga kavu, iliishia hapo. Dakika arobaini za oveni zilizofuata zilikuwa za kuivisha mkate mlaini uliolalia maembe.

Kuacha siagi kulikuwa uamuzi halali kabisa, na safu hii haitachoka kuutetea. Pwani imepika kwa mimea mitupu vizazi na vizazi. Anayedhani upishi huo umeshuka na watalii hajakaa mbele ya mbaazi za nazi asubuhi, wala hajatafuna kashata. Ndiyo maana kosa hili linauma zaidi: nazi imeharibiwa na mtu wa nchi ya nazi.

Tuurudie mchezo polepole. Ukavu ndio krispi yenyewe. Mafuta yakifikichwa vizuri hufunika chembe za unga, na chembe iliyofunikwa hainywi maji upesi. Bila maji, glutini, ule mvuto wa ngano unaoifanya chapati ivutike bila kukatika, haipati nafasi ya kujijenga, na chenga zinabaki chenga. Sukari nayo inangoja moto. Inayeyuka ovenini, inazishika chenga kidogo hapa na pale, kisha inakauka zinapopoa. Huo ndio mlio unaosikika kijiko kinapozama.

Sasa leteni tui. Hata lile zito la mkamuo wa kwanza, zaidi ya nusu yake ni maji. Mpishi aliamini anatia mafuta, kumbe alitia maji yaliyobeba mafuta. Unga ukayanywa, sukari ikayeyuka bakulini kabla ya kuonja moto wowote, na mwiko ukaanza kuvuta. Dakika ya nane inaonyesha yote: bonge limening'inia mwikoni, halianguki mpaka ligongwe ukingoni. Bonge linaloning'inia ni donge la kukanda, na donge likitandazwa juu ya matunda huwa kifuniko. Maembe yakichemka hutoa mvuke, na mvuke huo hupenya katikati ya chenga zilizonyunyizwa ovyoovyo. Chini ya kifuniko ulikosa pa kutokea. Ulirudi chini kuyafanya maji ya maembe yawe mengi zaidi, na ukapanda kuulowesha unga kwa ndani. Rangi ya juu ilikuja kweli, kahawia ya kupendeza, lakini kijiko kilipozama hakikusikika.

Maembe aliyafanyia haki: dodo lisiloiva sana, vipande vinene, ndimu, unga kidogo wa muhogo wa kushika maji.

Kilichopaswa kuingia bakulini ni mafuta ya nazi, tena yakiwa yameganda. Mafuta haya huanza kuyeyuka yakifika nyuzijoto 24 hivi, na kila aliyekulia pwani anaijua hesabu hiyo bila kipimajoto. Asubuhi za Julai, kipupwe kikiwa kimekaa, chupa huwa nyeupe na lazima ianikwe juani ndipo imiminike. Dodo huja wakati wa kaskazi, Desemba na Januari, ambapo mafuta hayohayo hutiririka hata usiku wa manane. Basi yatiwe kwenye friji hadi yawe kama samli, yasifikie kuwa jiwe, kisha yafikichwe haraka kwa ncha za vidole, kwa kuwa kiganja kina joto la kuyayeyusha. Friji ilionekana nyuma ya bega la mpishi video nzima.

Na vipimo visibadilishwe kwa macho. Unga gramu 200, ambao nusu yake inaweza kuwa shayiri za uji. Sukari gramu 100. Siagi ya kawaida ina mafuta asilimia 80 hivi na sehemu kubwa ya yanayobaki ni maji, ilhali mafuta ya nazi ni mafuta matupu. Palipoandikwa siagi gramu 125, mafuta ya nazi gramu 100 yanatosha. Yale maji yaliyopungua hurudishwa mwishoni kwa kijiko kimoja au viwili vya tui baridi, yakinyunyizwa ili chenga zishikane, nyingine kubwa nyingine ndogo. Nafasi ya tui katika krispi ni hiyo, kijiko, baada ya mafuta kumaliza kazi yake.

Wapika visheti wa zamani wa Unguja na Mombasa hawakuhitaji mizani kwa jambo hili. Walifikicha samli kwenye unga mkavu, wakachota konzi, wakaifumbata. Ikishikana na kubaki na alama za vidole, mafuta yametosha. Ikimwagika kama mchanga, bado. Hapo tu ndipo kitu chenye maji kilipokaribia bakuli. Konzi moja ya unga ingemwambia mpishi wetu kila kitu kabla hajagusa kikombe, na safu hii inaamini hakuna shule ya upishi iliyowahi kubuni kipimo bora kuliko kile.

Wako watakaosema krispi ni ya Wamarekani, na ndugu yake, kile chakula cha Waingereza cha matunda na chenga zisizo na shayiri, nacho ni cha kigeni, kwa hiyo visheti haviwahusu. Waulizwe Waingereza walipikaje siagi ilipoanza kugawiwa kwa kadi Januari 1940. Kila gramu ya mafuta ilihesabiwa, wakapunguza, wakatumia majarini, lakini walichobakiwa nacho walikifikicha kwenye unga. Na kwa kuwa majarini imetajwa: lebo isomwe. Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès alipoitengeneza mwaka 1869 alitumia mafuta ya ng'ombe, na hadi leo baadhi ya makopo yana unga wa maziwa. Neno majarini peke yake halimhakikishii chochote asiyekula vya mnyama.

Halafu yale machicha! Nazi imekunwa mbele ya kamera, imekamuliwa, na machicha yakasukumwa pembeni kama takataka. Safu hii imelipigia kelele jambo hili hata wasomaji wengine wamechoka, na italirudia. Machicha yaliyokamuliwa sawasawa, yakikaangwa bila mafuta hadi yawe na rangi ya mchanga, ndiyo kitu kikavu na chenye harufu kuliko vyote vilivyokuwa jikoni mle. Viganja viwili kwenye chenga, pamoja na korosho zilizopondwa, na krispi inapata nazi iliyokusudiwa tangu mwanzo. Kijichupa cha arki ya vanila kilichofunguliwa badala yake, wakati iliki ipo kabatini, hakikusaidia lolote.

Lakini hata baada ya kikombe, njia ilikuwepo. Dakika ya tisa donge lilikuwa bado bakulini, halijagusa maembe. Lingetandazwa jembamba kwenye sinia kavu, likaokwa peke yake kwa nyuzijoto 160 mpaka likauke, likapoa, likavunjwavunjwa na kumwagwa juu ya maembe yaliyookwa kando. Lisingekuwa krispi ya kusifiwa, ila lingelia mdomoni. Sinia la pili lilikuwa mezani, limeoshwa na kufutwa, kando ya maganda ya ndimu, na lilikuwa bado hapo video ilipokwisha.